Mzimamoto Mlangoni, Mgonjwa Ndani

Wengi wetu tukisikia king'ora cha gari la zimamoto, macho hutafuta moshi. Nchini Marekani king'ora hicho aghalabu hakina moshi. Zaidi ya nusu ya miito ambayo vikosi vya zimamoto vya nchi hiyo huitikia kila mwaka ni ya wagonjwa na majeruhi. Moto wenyewe haufiki hata mwito mmoja katika kumi. Mzee ameanguka msalani, mama ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, mtoto amekabwa na tonge, baba amekishika kifua na jasho jembamba linamtoka. Simu hupigwa, na wa kwanza kubisha hodi ni mtu mwenye helmeti na mabuti mazito.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Vituo vya zimamoto vimetawanywa mitaani kwa hesabu, ili gari lifike kabla nyumba haijateketea. Watu wake wako macho usiku na mchana, na nyumba za siku hizi haziungui ovyo kama za zamani. Ambulensi, kwa upande wake, huenda iko upande wa pili wa mji. Basi hutumwa aliye karibu.

Lakini aliye karibu si lazima awe ndiye ajuaye. Takriban thuluthi mbili ya wazimamoto wa Marekani ni watu wa kujitolea, na kiwango cha mafunzo ya tiba wanachotakiwa kuwa nacho hutofautiana baina ya jimbo na jimbo, hata baina ya kikosi na kikosi. Wako waliosomea tiba ya dharura kwa zaidi ya saa elfu moja, na wako ambao elimu yao ni huduma ya kwanza tu. Mwenye nyumba hawezi kuwatofautisha, kwani sare ni moja. Aonapo gari jekundu hushusha pumzi, akaamini kuwa msaada umefika. Pengine hata akaacha kumkandamiza mgonjwa kifua ili awapishe wenye kazi yao. Ikiwa hao waliopishwa nao hawajui, mgonjwa amepoteza hata kile kidogo alichokuwa akikipata. Moyo ukisimama, fursa ya kunusurika hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita bila ya kukandamizwa kifua na bila ya mashine ya kuushtua moyo, na ubongo huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi.

Wamarekani walikwisha kujifunza jambo hili zamani, na kwa gharama kubwa. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo kilitoa ripoti kuhusu vifo vya ajali, na ndani yake mlikuwa na habari ya kustaajabisha: karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini ziliendeshwa na wenye biashara ya mazishi. Gari la kubebea maiti ndilo lililokuwa na nafasi ya kumlaza mtu, basi likatumika kwa wazima na kwa wafu. Hebu tufikiri hali ya mgonjwa mwenye fahamu zake alipofumbua macho na kulitambua gari alimopakiwa.

Katika mji wa Pittsburgh waliobeba wagonjwa walikuwa polisi. Humo alikuwamo daktari Peter Safar, mmoja wa waliouthibitishia ulimwengu kuwa mtu aweza kupuliziwa pumzi kwa mdomo akarejewa na uhai. Mwaka huohuo wa 1966 binti yake mdogo alifariki kwa pumu. Safar alishiriki kuanzisha Freedom House, huduma ya ambulensi iliyoanza kazi 1967 na kuwachukua vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana ajira. Watu walisema vijana hao hawafundishiki. Walifundishwa, tena kwa kiwango ambacho miji mingine ilikuja kukiiga. Daktari Nancy Caroline, aliyewasimamia katikati ya miaka ya 1970, aliandika kitabu kilichosomwa na wahudumu wa dharura ulimwenguni, na baadaye akaja Nairobi kufanya kazi na AMREF. Freedom House yenyewe ilifungwa 1975, mji ulipoanzisha huduma yake, na wengi wa wale vijana wakasukumwa pembeni. Dhulma hiyo haikuuondoa ukweli walioudhihirisha, kwamba kinachomfanya mtu awe mwokozi ni mafunzo aliyopewa na daktari anayemsimamia, si sare wala asili yake.

Miji iliyofanikiwa kuwatumia wazimamoto iliijenga kazi hiyo juu ya ukweli huo. Huko Miami daktari Eugene Nagel aliwafundisha wazimamoto mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko Seattle, daktari Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery walianzisha huduma iitwayo Medic One mwaka 1970. Hawakusema tu, “Nendeni, kwa kuwa mko karibu.” Waliwapeleka darasani na wodini kwanza. Kisha Seattle ikafanya jambo ambalo sisi twaliona ndilo la maana zaidi: ikawafundisha raia wa kawaida kukandamiza kifua, ili mzimamoto akifika amkute mtu aliyekwisha kuanza kazi. Mji huo ungali miongoni mwa ile inayosifika Marekani kwa idadi ya wanaonusurika baada ya moyo kusimama.

Mambo haya yana uhusiano na pwani yetu kuliko yanavyoonekana. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti huduma za ambulensi na pia huduma za zimamoto na kukabiliana na maafa. Maana yake, kwetu gari jekundu na gari jeupe yana mwenyewe mmoja. Ibara ya 43 nayo yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Lakini kila aliyewahi kuuguza usiku ajua kwamba wengi wetu huingia hospitalini kwa tuktuk, kichwa cha mgonjwa kikiwa kimepakatwa na dada yake. Katika vichochoro vya Mji wa Kale gari haliingii kabisa. Aliyeko Likoni ana kivuko mbele yake. Aliyeko Lamu ana bahari. Na wazimamoto wetu huitwa palipoanguka jengo, palipogongana magari, palipotumbukia mtu kisimani, mahali ambapo daima pana majeruhi. Kuwafundisha si kuwaongezea kazi ngeni, kwa sababu tayari wamo ndani yake.

Liko jambo moja ambalo gazeti la kina mama haliwezi kulinyamazia. Aliyeanguka akiwa ni mwanamke, je, mlango hufunguliwa upesi vilevile? Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika maeneo ya hadhara wanaume walikandamizwa kifua na wapita njia katika asilimia 45 ya visa, na wanawake asilimia 39 tu. Kama kwao watu husita, kwetu je? Tunazijua nyumba ambamo mwanamume wa kando angesimamishwa ukumbini hadi mgonjwa apatiwe mtandio. Wanazuoni wamelisema hili wazi tangu zamani: darura huhalalisha yale yaliyozuiliwa, kwa kadiri ya darura yenyewe. Kumsitiri mgonjwa ni wajibu wetu, na kanga moja yatosha kumsitiri huku kazi ikiendelea. Tungependa pia kuwaona mabinti zetu zaidi katika vikosi vya zimamoto, kwa sababu hii na kwa nyinginezo.

Hata akifika mzimamoto aliyefuzu, dakika za mwanzo ni za aliyemo nyumbani. Mtu mzima akianguka, asiitike wala asipumue kama kawaida, aitwe msaada mara moja, alazwe chali mahali pagumu, na kitako cha kiganja kiwekwe katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Kifua kikandamizwe kishuke sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikiachwa kipande chote baada ya kila mkandamizo. Ni kazi ya kuchosha. Watu wapokezane, na wasisite hata gari likiwa mlangoni, hadi aliyefika apige magoti na kuipokea. Kuisoma hapa hakutoshi. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha kwa vitendo, na kikundi cha wanawake wa mtaa chaweza kwenda kwa pamoja.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Vikao hivyo hujaa maswali ya barabara na taa za mitaani, na ni maswali ya haki. Mwaka huu twawaomba kina mama waende na mengine. Ni wangapi kati ya wazimamoto wetu walio na cheti cha huduma ya dharura ambacho hakijapitwa na wakati? Gari la zimamoto hubeba oksijeni na mashine ya kushtua moyo, au mipira ya maji peke yake? Wanawake ni wangapi kikosini? Na usiku wa manane, simu ya zimamoto na simu ya ambulensi hupokewa na mtu mmoja, au na wawili wasiojuana?