LUTUKU NA MINERVALI



Katika ukurasa huu wengi wamekwisha kuandika kwamba pombe ni mbaya. Kusema vile sisi wote tunajua. Mimi leo ninauliza neno lingine: ikiwa wote tunajua, juu ya nini lutuku inazidi kupikwa hapa Kinkondja?

Sababu ya kwanza ni feza. Mahindi na muhogo ukiuza hivi hivi, unapata kidogo. Ukivivundika, ukavipika katika pipa, mvuke ukapita katika bomba lililo ndani ya maji baridi, unapata zaidi. Na wapikaji ni nani? Ni wamama zetu. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ni ya bure katika Kongo yetu, lakini sekondari hapana. Ukimwambia mama aache, anakujibu: “Mutoto, kama haiko hii lutuku, minervali yako itatoka wapi?” Hapo kinywa kinafungwa.

Sababu ya pili ni ziwa. Wavuvi wa Kisale wanasema lutuku inawapa joto usiku. Ndugu zangu, huo ni uongo. Pombe inapanua mishipa ya damu chini ya ngozi. Mutu anasikia joto, kumbe joto linatoka nje na mwili unapoa. Tena mtumbwi unataka mutu wa macho wazi na miguu yenye nguvu. Mlevi akianguka katika maji, hata kama alijua kuogelea tangu utoto, mikono haimsikii.

Wengine wanasema: “Wazee walikunywa, mbona hawakuharibika?” Ndiyo, walikunywa. Lakini bia iko na alkoli karibu 5 kwa 100, na pombe ya kutoneshwa inaweza kupita 40. Lutuku hakuna anayeipima. Katika Kenya, mwezi wa tano mwaka 2014, watu zaidi ya 60 walikufa kwa pombe yenye metanoli, na wengine walipofuka macho. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani. Na katika Afrika watu wengi hawanywi hata kidogo, lakini wale wanaokunywa, wengi wanamaliza nyingi kwa mara moja. Ndivyo tunaona hapa: samaki wameuzwa, feza imeingia, na mbele ya asubuhi imekwisha. Mke na watoto wanabaki na harufu tu.

Sheria peke yake haitoshi. Tanzania ilikataza pombe ya vifuko vya plastiki mwaka 2017, na Uganda mwaka 2019. Hayo ni mazuri. Lakini lutuku haitoki kiwandani. Inakatazwa tangu zamani, na bado iko inapikwa.

Basi ninaomba mambo matatu. Kwa sisi wanafunzi: hakuna kuingiza lutuku wala zododo katika shule, na kapita atakayeona akanyamaza, naye ana kosa. Kwa Bwana Prefe na komite ya wazazi: mpokee minervali kidogo kidogo, wakati samaki na mavuno yanapoingia, kwa maana mama anayefukuziwa mutoto Jumatatu atawasha moto chini ya pipa Jumanne. Kwa kanisa: wamama wasihukumiwe tu, wasaidiwe kufanya likelemba ya kununua samaki na kuwakausha, wauze Bukama na Kamina.

Najua wengine watasema kapita anatetea walevi. Hapana. Mimi ninasema hivi: tukimkemea mama mchana, na jioni tunapokea feza ya lutuku yake kwa minervali, sisi pia tuko wateja wake. Tumsaidie kwanza, ndipo tutakuwa na kinywa cha kumwambia aache.

Nimesema. Mwenye mawazo mengine aandike.

Kapita wa shule, mwaka wa 6