Ubao wa Matangazo Haumfuati Mtu

Juma hili naweka kando mambo ya jiko na malezi ya wachanga, nipate kuzungumza juu ya watoto wetu waliokwisha kuwa wakubwa, yaani wale walioitwa kwenda Chuo Kikuu.

Katika makambi yetu tunashangilia sana siku matokeo ya mtihani yanapotoka. Kuku huchinjwa, majirani hualikwa, na baba hutembea kifua mbele. Lakini baada ya hapo humwachia kijana safari peke yake, kana kwamba mlango wa chuo ukishafunguliwa, na milango ya ndani yote imefunguka. Sivyo ilivyo.

Mnamo mwaka wa 2023 nilimsindikiza mtoto wa dada yangu mpaka Gulu, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kaskazini ya Kampala. Baba yake, shemeji yangu, ni sajini, na wakati ule alikuwa kazini Somalia. Dada hakuweza kuwaacha wadogo. Basi mimi, mama mdogo, ndiye niliyepanda basi pamoja na kijana, sanduku la bati, godoro na ndoo.

Chuo Kikuu cha Gulu kilifunguliwa mwaka wa 2002, ilhali vita vya kaskazini vilikuwa havijaisha na maelfu ya wananchi wangali wakiishi katika kambi za waliokimbia vijiji vyao. Mwaka wa 2004 kilianza kufundisha udaktari, na wanafunzi wake hujifunza kwa wagonjwa katika hospitali ya serikali na katika ile ya Lacor. Wanafunzi wa kilimo nao hupelekwa kwa wakulima, washike jembe pamoja nao. Shemeji yangu aliingia Gulu mara ya kwanza akiwa na bunduki begani. Mwanawe aliingia na vitabu. Jambo hilo peke yake lilinitia machozi garini, nikajifanya naangalia dirishani.

Tulipofika tulipita mbele ya ubao wa matangazo. Karatasi zilikuwa zimebandikwa moja juu ya nyingine: uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, majaribio ya timu ya kandanda na ya netiboli, mdahalo wa Ijumaa jioni, siku ya kutoa damu, nafasi za kujifunza kazi wakati wa likizo, mikopo ya masomo. Kijana akaupita ubao ule kama mtu apitaye ukuta. Nikamwita arudi.

“Mama mdogo,” akasema, “hayo ni ya wenyeji. Sisi ndio kwanza tunafika.”

Neno lile lilinichoma, kwa kuwa nilipata kulisema mimi mwenyewe. Nilipokuwa na umri wa miaka 25, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti tu, niliona ubaoni tangazo la chuo kikuu kimoja likiwaita watu wazima wafanye mtihani wa kuingia. Nililisoma mara mbili. Kisha nikajiambia, “Hayo ni ya wengine,” nikaenda zangu. Sasa ni miaka tisa. Hakuna aliyenizuia, nilijizuia mwenyewe.

Kwa hiyo nilimtolea kijana daftari, nikamwambia aandike kila tangazo pamoja na tarehe yake ya mwisho. Alipolifikia la mkopo tukashtuka: zilibaki siku tisa.

Hapo ndipo nilipotambua taabu ya mtoto wa kambini. Fomu iliuliza kijiji cha wazazi, parokia na kaunti ndogo. Iliuliza kipato cha baba na idadi ya ndugu wanaosoma. Kijana wetu alizaliwa katika kambi moja na akasoma katika nyingine tatu, kwa sababu ya uhamisho. Aliweza kutaja majina ya makamanda wote, lakini kijiji cha babu yake hakukijua. Tukangoja usiku, shemeji apate simu. Akiwa ng'ambo huko alitusomea jina la kijiji herufi kwa herufi, na sauti yake ikawa nzito, kwani alifahamu kuwa hajawahi kumpeleka mwanawe huko. Dada alituma nakala za vitambulisho kwa basi. Fomu ilipokewa zikiwa zimebaki siku mbili, na mkopo akaupata.

Yafaa kila nyumba ifahamu mambo haya. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu nchini Uganda iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Mkopo wake hulipa karo ya masomo na ada za chuo. Haulipi chakula wala chumba. Mama asidhani kuwa mkopo ukipatikana basi mfuko umepumzika. Dada yangu hukaanga chapati kila alfajiri ili kijana ale mchana. Aidha, mkopo si zawadi. Mwanafunzi huanza kuurudisha mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Kadhalika, Serikali imekuwa ikiwagharimia wanafunzi wapya wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Wengi huchaguliwa kwa alama zao, lakini zimetengwa pia nafasi za wilaya, nafasi 40 za wanamichezo na nafasi 64 za wenye ulemavu. Kwa hiyo binti anayekimbia mbio vizuri katika uwanja wa kambi asiambiwe kuwa anapoteza wakati, na mtoto mwenye ulemavu asifichwe nyumbani wakati wa kujaza fomu.

Lipo na jambo jingine ambalo watoto wetu hulionea haya bila sababu, nalo ni Kiswahili chao cha kambini. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu watatoka wapi? Mtoto aliyelelewa katika laini ya polisi ana mtaji mkononi, mradi akisome kwa utaratibu na kukiandika kwa usahihi. Shughuli za chuo kama midahalo ndizo mahali pa kuuonyesha mtaji huo. Sisemi kwamba kila kinachotangazwa chuoni kina faida. Yapo matangazo ya dansi mpaka alfajiri, na hayo hayahitaji mama mdogo wa kuyasoma. Lakini kijana anayejitenga na shughuli zote kwa woga hupoteza sawa na yule anayekesha kwenye dansi.

Basi, kabla mtoto hajaondoka, mpeni bahasha moja ngumu. Ndani yake tieni nakala za vyeti vyake, za vitambulisho vya wazazi, na karatasi iliyoandikwa jina la kijiji, parokia, kaunti ndogo na wilaya ya kwenu. Mwambieni aende kwenye ubao wa matangazo kila Jumatatu na kila Alhamisi, kama askari aendavyo zamu. Nanyi mkimpigia simu, msiulize tu, “Umekula?” Ulizeni pia, “Ubaoni kuna nini?”

Na wewe koplo, nawe mke wa koplo, usidhani habari hii ni ya watoto peke yao. Mlango wa watu wazima bado upo. Mwenye miaka 25 au zaidi hufanya karatasi mbili: moja ya uwezo wa kufikiri kwa jumla, na nyingine ya elimu anayotaka kuisomea. Anayeshinda huingia darasani pamoja na vijana, na hakuna anayemwuliza kwa nini amechelewa.

Mwaka huu kijana wetu alikuja likizo akanikuta ofisini. Hakusema mengi. Alinipa ukurasa aliouchana katika daftari lake. Alikuwa ameninakilia tangazo la mtihani wa watu wazima, na chini yake amepiga mstari tarehe ya mwisho mara mbili. “Mama mdogo,” akasema, “hili si la wenyeji.”

Fomu yangu nimekwisha kuijaza na risiti ya ada ninayo. Usiku, watoto wakilala, nasoma. Nikishinda nitawaarifu hapa hapa. Nikishindwa nitawaarifu pia. Hadi juma lijalo, kwaherini.