Kabla ya Kumlipa Fundi wa Mfumo, Uliza Ameazima Nini

Chama cha maziwa huku Subukia kikitaka mfumo wa kuhesabu lita na kulipa wanachama kwa simu, hutafuta kijana anayejua kompyuta. Si vibaya. Lakini hakuna fundi anayeandika kila kitu mwenyewe. Sehemu kubwa ya mfumo ni laibrari, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine na kutolewa bure. Kimoja kikiwa na mwanya, mwizi hahitaji PIN ya mtu.

Mwaka 2017, kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 147 kupitia mwanya kwenye programu ya kuazima iitwayo Apache Struts. Kiraka kilikuwa kimetolewa Machi. Wezi wakaingia Mei.

Kwa hivyo tunasema: ukaguzi wa laibrari usiwe hisani ya fundi, uandikwe kwenye mkataba. Awape orodha ya alichoazima, na aikague kila mwezi. Vifaa vya bure vipo. Kwa mifumo ya JavaScript kuna npm audit. Atawaambia kubadilisha laibrari kunaweza kuvuruga mfumo. Ni kweli, basi alipwe kwa kazi hiyo.

Mkumbuke, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 wajibu ni wa chama kinachoamua data itumiweje. Ikivuja na wanachama wako hatarini, mna saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna wa Data. Ng'ombe hupelekwa josho hata akionekana mzima. Mfumo wa pesa nao usingoje kuugua.