Mlango Mmoja, Mizani Miwili: Jinsia ya Kiholanzi na Ngeli za Kiswahili

Imezoeleka katika vyumba vyetu vya mihadhara kusemwa kwamba lugha za Ulaya zina "jinsia" nasi tuna "ngeli", kana kwamba haya ni mambo mawili yasiyohusiana. Msimamo wa makala haya ni kwamba tofauti hiyo, kwa kiasi kikubwa, ni ya istilahi tu. Kiholanzi kinatosha kulithibitisha hilo.

Nomino za Kiholanzi hugawika kwa kufuata vibainishi viwili: de na het. Katika Kiholanzi sanifu, zilizokuwa za kiume na zilizokuwa za kike zote huchukua de. Kwa hiyo mpaka wa de na het si mpaka wa mume na mke. Mlango ni de deur. Ukitiwa kiambishi cha udogo huwa het deurtje, na hakuna nomino ya udogo katika umoja inayoikwepa kanuni hii. Sisi nasi husema mlango umefungwa, kilango kimefungwa. Kitenzi lopen, yaani kutembea, kikigeuzwa nomino huwa het lopen, kama vile kutembea kwetu kunavyochukua KU. Wala upatanisho hauishii kwenye kibainishi: mlango mkubwa ni een grote deur, lakini nyumba kubwa ni een groot huis. Kama hizi si ngeli, ni nini?

Mtetezi wa "jinsia" atajibu kuwa yake walau imejengwa juu ya maumbile. Na aeleze basi meisje, msichana, ambaye ni het kwa sababu ya kiambishi cha udogo, ilhali kiwakilishi kinachomrejelea kwa kawaida huwa zij, cha kike. Umbo lavutia huku, maana kule. Ndivyo alivyo kijana wetu: umbo lake ni la KI, upatanisho wake ni wa A.

Suala hili si la sarufi peke yake. Mnamo 1864, katika utangulizi wa Reynard the Fox in South Africa, Wilhelm Bleek, mwanaisimu Mjerumani wa Cape Town, alidai kuwa lugha zenye jinsia ya kiume na ya kike huchochea ubunifu wa kifasihi kuliko lugha za ngeli kama za Kibantu. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kufariki Mombasa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kauli hiyo, na tungo zake zimo katika lugha ya ngeli. Ushahidi ulikuwapo, aliyeutafuta ndiye aliyekosekana.

Ubaya ni kwamba tumeitupa kauli ya Bleek tukabaki na mizani yake. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa kijana ni "ukiukaji" huku meisje ikiitwa "jinsia" amefundishwa kuitazama lugha yake kwa jicho la mgeni. Tuzipime lugha zote kwa upatanisho wake, na kwa mzani mmoja.