Bwana Shamba Anakuambia: Shamba la Mama Haliuzwi

Ndugu msomaji, leo twende Pariangan. Ni kijiji cha Waminangkabau, katika kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia. Kiko chini ya mlima Marapi, wenye urefu wa mita 2,891. Mlima huo ni volkano. Udongo wake una rutuba sana. Mpunga hulimwa kwenye matuta kama ngazi.

Wageni huenda kutazama nyumba zenye mapaa yaliyopinda kama pembe za nyati. Watazame. Lakini wewe unayetaka kujenga hoteli huko, uliza kwanza: ardhi hii ni ya nani?

Ukoo wao hufuata mama. Shamba la ukoo hurithiwa na mabinti, na mjomba ndiye msimamizi. Mume aweza kulilima, lakini si lake. Basi ukipatana na mume peke yake, hujapatana na mtu.

Shamba hilo haliuzwi. Kwa mila, huwekwa rehani kwa shida nne tu: kuzika maiti, kumwoza binti, kutengeneza nyumba ya ukoo inayovuja, na kumsimika mkuu wa ukoo. Hata hapo, ukoo ukilipa deni, shamba hurudi. Kaa na wazee wote, wanawake wakiwapo.

Na mlima usiusahau. Desemba 2023 ulilipuka, watu 24 wakafa. Mei 2024 mvua kubwa iliteremsha majivu na mawe yake, na mafuriko yakaua watu zaidi ya 60. Kiwanja kilicho kando ya mto utokao mlimani, kikatae hata ukipewa bure.