Karani na Sheria ya Madhara

Katika chama chetu wako makarani kadhaa ambao, wakiisha kufunga majalada jioni, hushika njia ya Chuo Kikuu kwenda kusoma sheria. Nasi tu katika hao. Wenzetu hutuuliza mara nyingi, "Mwasoma nini huko?" Tukijibu kwamba twasoma sheria ya jinai, huridhika. Tukijibu sheria ya ardhi, husogeza kiti karibu, kwa maana kila mtu ana kiwanja chenye maneno. Lakini tukisema kwamba mwaka huu twasoma sheria ya madhara, hunyamaza kidogo, kisha mazungumzo hurudi kwenye mishahara. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuandika maneno machache, kueleza somo hili ni nini, na kwa nini twadhani kwamba ndilo limpasalo karani kuliko mengine yote.

Katika jinai, Serikali humshtaki mkosaji ili aadhibiwe. Katika mapatano, mtu humdai yule aliyeahidi asitimize. Sheria ya madhara si hiyo wala si hii. Humtazama mtu aliyedhuriwa na mwenziwe, ijapokuwa hawakupatana neno lolote, hata kama hawakujuana kabisa, nayo huuliza: je, hasara hii iachwe pale ilipoangukia, au ihamishiwe kwa yule aliyeileta? Ndani yake mna uzembe, kashfa, kuingia katika ardhi ya mtu pasipo idhini, kumfunga mtu isivyo haki, na kero baina ya majirani.

Sheria hiyo ilitujia kutoka Uingereza. Katika Tanzania Bara mahakama zimeagizwa kufuata kanuni za huko kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na katika Kenya tarehe yao ni 12 Agosti 1897. Lakini pote pawili ni kwa kadiri hali ya nchi na ya wenyeji wake inavyoruhusu. Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya tarehe hizo hazizifungi mahakama zetu, walakini hupewa heshima kubwa, na mwanafunzi hana budi kuzisoma.

Iliyo mashuhuri kupita zote ni ile ya chupa ya soda ya tangawizi. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, mwanamke mmaskini aitwaye May Donoghue aliingia mkahawani pamoja na rafiki yake, na rafiki ndiye aliyenunua. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, haionyeshi kilichomo. Alikunywa kidogo, na iliyosalia ilipomiminwa, alidai, ukatoka mzoga wa konokono uliooza, naye akaugua. Hakuweza kumdai mwenye mkahawa kwa mapatano, kwa sababu si yeye aliyenunua. Basi akamdai mtengenezaji wa soda, David Stevenson, mtu ambaye hakupata kuonana naye. Shauri likafika katika Baraza la Malodi, na tarehe 26 Mei 1932 likakatwa: majaji watatu walimkubalia, wawili wakakataa. Jaji Lord Atkin alieleza kwamba amri ya kumpenda jirani, ikiingia katika sheria, huwa ni wajibu wa kutomdhuru jirani. Na jirani, katika sheria, ni kila mtu ambaye kazi yetu yamgusa kwa karibu hata ikatupasa kumkumbuka tunapoifanya. Sisi tuliofundishwa katika shule za misheni twajua swali lile, "Na jirani yangu ni nani?" lilitoka wapi. Hatukudhani kwamba tungelikuta tena katika kitabu cha hukumu.

Tena liko jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Haikuthibitishwa kamwe mbele ya mahakama kwamba konokono alikuwamo chupani. Malodi waliamua tu kwamba, kama ndivyo ilivyokuwa, mtengenezaji angewajibika. Baadaye Stevenson alifariki, na shauri likaisha kwa mapatano. Neno hili latufundisha namna ya kusoma. Sisi makarani tumezoea kunakili, na mwanzoni tulizinakili hukumu kama tunavyonakili barua, tukazikariri pamoja na majina na miaka. Ulipofika mtihani hatukuulizwa habari ya konokono. Tulipewa kisa kipya cha mkandarasi aliyeacha shimo wazi usiku, tukatakiwa kusema nani amdai nani na kwa nini. Waliokariri konokono walimtafuta konokono shimoni. Waliofaulu ni wale waliokwenda kwa hatua nne: je, huyu alikuwa na wajibu wa kumwangalia yule? Je, aliuvunja kwa kutofanya kama mtu mwenye busara ya kawaida? Je, kuvunja huko ndiko kulikoleta madhara? Na je, madhara hayo ni ya namna iliyoweza kutazamiwa?

Sasa twasema jambo ambalo si jepesi kulisema. Miaka kadhaa iliyopita, kabla hatujaanza masomo, tarishi mmoja wa ofisi tuliyofanyia kazi aligongwa na lori akiwa pembeni mwa barabara, na mkoba wa barua begani. Alivunjika mguu, nao ukaunga vibaya. Dereva alifika hospitali na matunda na fedha kidogo. Sisi makarani tulichangishana, tukamwandikia barua nzuri ya pole, tukamwambia kama wote wasemavyo: "Ajali haina kinga." Alipotuuliza kama afaa kudai, tulimshauri asubiri apone kwanza, asije akaonekana mtu wa tamaa. Alisubiri, kwa maana alituamini. Sisi ndio tuliokuwa tukisoma na kuandika. Mwaka wa nne mguu ukamshinda kabisa, akarudi kuuliza tena. Katika Tanzania, dai la madhara lina muda wa miaka 3 tangu siku haki ya kudai ilipopatikana, na likipelekwa baada ya hapo, kwa kawaida mahakama hulitupa pasipo kutazama mguu wala lori. Gari lile lilitakiwa na sheria kuwa na bima kwa ajili ya watu kama yeye. Hayo yote hatukuyajua. Siku tuliposoma habari ya miaka 3 tulikaa kitako hata saa ya kufunga maktaba, tukifikiri kwamba twajua vema ni nani aliyemdhuru tarishi yule mara ya pili.

Wako wenzetu wasemao kwamba elimu hii italeta magomvi, kila aliyejikwaa amdai mwenye jiwe, na ujirani wetu uharibike. Hoja hiyo tumeipima, nayo ina uzito wake. Walakini sheria yenyewe haimpi fidia kila aumiaye. Asiye na uzembe halipi, na aumiaye kwa sehemu kwa kosa lake mwenyewe hupunguziwa. Tena desturi zetu zilijua fidia kabla ya mahakama hizi kujengwa: ng'ombe wa mtu akila shamba la mwenziwe, wazee walikaa wakakadiri hasara, ikalipwa, na ujirani ukaendelea. Kinachovunja ujirani ni yule aliyeumizwa kubaki na hasara peke yake, huku wengine wakimwambia kwamba ni kazi ya Mungu. Ajali haina kinga, ni kweli. Lakini nyingi zina mtu aliyeacha ufa bila kuuziba.

Zaidi ya hayo, somo hili latuhusu kwa kuwa tu watumishi wa Serikali. Katika Uingereza, mwaka 1837, kijana mtumishi wa mchinja nyama aliyevunjika paja kwa gari lililopakiwa kupita kiasi alinyimwa fidia, na kutokana na shauri lake ikaota kanuni kwamba mtumishi aliyeumizwa kwa kosa la mtumishi mwenziwe hawezi kumdai bwana wao. Kanuni hiyo iliwakalia wafanyakazi zaidi ya miaka 100, hata ikafutwa mwaka 1948. Kadhalika Mfalme hakuweza kudaiwa kwa makosa ya namna hii mpaka sheria ya mwaka 1947. Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 1967 imeiwajibisha Serikali kwa madhara yaletwayo na watumishi wake wakiwa kazini, kama mwajiri mwingine yeyote, ila mdai sharti atoe kwanza notisi ya siku 90. Basi dereva wa idara akiendesha kwa uzembe, au karani akipoteza hati ya mtu, hasara yaweza kurudi katika mfuko wa umma. Anayelijua hilo huishika kalamu kwa uangalifu zaidi.

Liko bado neno la lugha. Tangu mwaka 1961, Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam na kitivo cha sheria kikiwa cha kwanza, somo hili hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2021 Bunge lilikiweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanafunzi aliyejifunza uzembe kwa Kiingereza tu, asiweze kumweleza mama muuza samaki aliyeumizwa sokoni, hajamaliza kujifunza. Sisi wenyewe tumeona kwamba fungu tusiloweza kulisema kwa Kiswahili ni fungu ambalo hatukulielewa.

Kwa hiyo twaleta mbele ya chama maombi matatu. Kwanza, wanachama wasomao sheria wakutane mara moja kwa mwezi, wasome hukumu moja pamoja na kuieleza kwa Kiswahili. Pili, ubaoni pa kila ofisi pabandikwe karatasi moja yenye maneno machache: ukiumizwa, andika majina ya walioona, tunza hati za hospitali, na usikawie, kwa maana muda wahesabiwa. Tatu, mwanachama au tarishi akija kuuliza, asijibiwe kwa kubahatisha. Na asiyejua aseme hajui, ampeleke kwa wakili au mahali patolewapo msaada wa sheria.

Ombi la tatu ndilo dogo kuliko yote, wala halina gharama. Kama tungalilifuata sisi wakati ule, yuko mtu ambaye leo angalikuwa na mguu wa bandia ulionunuliwa na wengine, si fimbo aliyojichongea mwenyewe.