Wifi Alipouacha Ugali

Jumamosi moja ya Julai mwaka wa 2024, wifi yangu alikuja kunitembelea hapa Buruburu, na nilipomfungulia mlango nusura nimwulize anamtafuta nani. Rinda lilikuwa likimning'inia mabegani. Kile kidevu cha pili, ambacho tulikizoea tangu aolewe na kakangu, kilikuwa kimetoweka.

"Wiki tano tu, wifi!" akaniambia huku akizunguka sebuleni kama msichana wa shule. "Kilo saba!"

Siri yake ilikuwa fupi: ameuacha ugali. Pamoja na ugali, ameacha wali, chapati, mkate, viazi, ndizi, uji, sukari ya chai na hata maharagwe. Asubuhi hula mayai, mchana nyama, jioni mboga na avokado. Maarifa hayo aliyapata chamani, kwa mama mmoja ambaye alikuwa amepungua hadi akabadilisha nguo zote kabatini. Isitoshe, binti yake alikuwa anaolewa Desemba, na wifi alikuwa ameapa kwamba katika picha za harusi hatasimama tena nyuma ya watu ili kuficha tumbo.

Nilimpongeza. Nataka msomaji alikumbuke hilo. Nilimpongeza, nikamwomba aniandikie orodha ya vyakula vyake ili nami nijaribu, na sikumwuliza swali hata moja.

Saa nane hivi tulikuwa jikoni tukikata sukuma wiki. Akaacha kunijibu. Nilidhani amechoka, kumbe nilipogeuka nikaona jasho linamtiririka usoni, mikono inatetemeka, na kisu amekishika upande wa makali. Nikamwita jina lake. Akaanza kunieleza habari za basi la Machakos ambalo hakuna aliyelitaja. Nikapiga kelele, na binti yangu anayesomea uuguzi akatoka chumbani mbio.

"Anti si ana kisukari? Sukari iko wapi?"

Akakoroga vijiko vinne vya sukari katika nusu gilasi ya maji, akamnywesha polepole akiwa ameketi. Baada ya robo saa hivi wifi alinitazama, akaniuliza mbona ninalia. Mkate wa maziwa ambao hakuwa ameugusa kwa wiki tano aliula vipande viwili bila kubishana, kisha tukampeleka hospitalini.

Kilichotokea hakikuwa muujiza wala uchawi. Wifi ana kisukari kile cha ukubwani, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza vidonge vya aina mbili. Kimoja ni metfomini, ambacho kikiwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi. Kingine ni glibenklamidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini. Dawa hii haijui kama umekula au hujala. Ukiimeza, italisukuma kongosho tu, na insulini ikitoka itaiondoa sukari katika damu hata kama haikuwa nyingi. Daktari alipomwandikia kipimo kile, alikuwa anatibu mwanamke anayekula ugali kila jioni. Mwanamke huyo akaacha ugali lakini vidonge vikabaki pale pale. Wifi hakuona haja ya kumwarifu daktari kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, kwa daktari mtu huenda kuzungumza habari za dawa. Habari za sahani ni za chamani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizisoma kwa jicho tofauti barua mnazoniletea kuhusu kupunguza uzani. Na ni nyingi. Swali huwa lile lile: je, ni kweli kwamba ukiacha ugali na vyakula vya wanga utapungua? Jibu ni ndiyo. Wifi hakudanganywa.

Wala jambo lenyewe si geni. Mnamo 1862 kulikuwa na mzee mmoja jijini London, William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi ya wakubwa. Alikuwa mnene hata hakuweza kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume ili kuyapunguzia magoti mzigo. Mizani ilionyesha pauni 202, yaani kilo 92 hivi, na alikuwa mtu mfupi. Alikuwa amejaribu kupiga makasia, kuoga maji ya mvuke na mengine mengi. Makasia yalimwongezea hamu ya kula tu. Mwishowe daktari wake wa masikio, William Harvey, akamwamuru aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Kwa mwaka mmoja akapungua pauni 46, ambazo ni karibu kilo 21. Mwaka wa 1863 akaandika kijitabu kuwaeleza wenzake, na jina lake likaenea hata hadi leo Waswidi husema "banta" wakimaanisha kujinyima chakula ili upungue. Afrika Kusini jina hilo lilifufuliwa miaka ya 2010 na Profesa Tim Noakes. Katikati yao alitokea Daktari Robert Atkins wa Marekani, ambaye kitabu chake cha 1972 kilifanya watu wengi watupe mkate na kula nyama na siagi.

Basi ni nini hutokea mwilini? Kwanza hutoka maji. Ini na misuli huweka akiba ya wanga, kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba hutumika, na maji yake yakaenda msalani. Hivyo wiki ya kwanza mizani inaweza kushuka kilo moja na nusu au mbili kabla mafuta hayajapungua sana. Ndiyo maana mtu akila chapati mbili matangani, kesho yake mizani humpandia hadi akakata tamaa. Maji tu, mama. Usilie.

Baada ya maji, mafuta nayo hupungua kwa kweli, kwa sababu mbili zisizo na siri. Protini hushibisha. Na ukikataa kila kitu cha unga na sukari, basi mandazi ya saa nne, soda ya mchana, biskuti za ofisini na chipsi za jioni zote zimeondoka kwa mpigo. Soda peke yake, ile chupa ya mililita 300, ina sukari ya zaidi ya gramu 30, sawa na vijiko saba au vinane vya chai.

Lakini je, njia hii inazishinda nyingine? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwagawa watu 609 katika makundi mawili kwa mwaka mzima, wengine wakipunguza wanga, wengine wakipunguza mafuta. Matokeo yalitolewa 2018. Waliopunguza wanga walipungua kilo 6 kwa wastani, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa kitu. Katika kila kundi walikuwepo waliopungua karibu kilo 30, na wengine walionenepa. Makundi yote mawili yaliagizwa kula mboga kwa wingi, kuacha sukari na unga mweupe, na kupika nyumbani. Mimi nashuku hapo ndipo palipokuwa na kazi kubwa.

Na kabla hatujauhukumu ugali kifungo cha maisha, hebu tuwaangalie wakimbiaji wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 uliwafuata wakimbiaji kumi mashuhuri wa Kenya wakiwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu walizopata kwa chakula zilitoka kwa wanga, tena ugali na sukari ya chai vikiongoza. Hakuna aliyekuwa na kitambi. Tofauti ni kwamba wao wakimaliza sahani huenda kukimbia kilomita nyingi mlimani, nasi tukimaliza sahani ile ile huketi ndani ya matatu saa mbili katika msongamano wa Barabara ya Jogoo.

Hebu fanya hesabu ya nyumbani kwako. Kama pakiti ya kilo mbili ya unga huliwa na watu wazima wanne kwa jioni mbili, kila mmoja amekula gramu 250 za unga kwa mlo mmoja. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Basi umekula kalori 900 kabla hujagusa mboga, nazo ni karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima ya mama anayefanya kazi ya kuketi. Nilipoipiga hesabu hii mbele ya mume wangu alinyamaza, kisha akasema unga wa siku hizi una upepo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wifi na chama chake. Kumwambia mama wa Kayole mwenye watoto watano aondoe ugali aweke nyama na mayai ni kumfanyia dhihaka. Bei sitazitaja maana huenda zikabadilika kabla gazeti halijakufikia. Akipunguza ugali hadi kiasi cha ngumi moja, akaongeza sukuma, managu au terere hadi nusu ya sahani, na pembeni akaweka omena, ndengu au maharagwe, atapungua. Polepole, lakini atapungua. Maharagwe yana wanga, sikatai, ila yana protini na nyuzinyuzi pia, na sijawahi kumwona mtu aliyenenepeshwa na githeri isiyo na mafuta mengi.

Zile chai za kuondoa tumbo mnazoniuliza, nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo. Wanafunzi mnaoacha kiamsha kinywa ili mpungue, kisha saa nne usiku mkala chipsi na soseji langoni mwa chuo, sina la kuwaambia ambalo hamlijui. Nazo sindano za semaglutidi zina nguvu kweli: katika utafiti wa 2021 watu walipungua karibu asilimia 15 ya uzani kwa wiki 68. Walioacha kudungwa walirudishiwa theluthi mbili ya walichopoteza kwa mwaka mmoja. Gharama yake familia nyingi haziiwezi.

Narudi kwa wagonjwa wa kisukari, maana hao ndio wanaoninyima usingizi. Wengi mmeambiwa mpunguze uzani, na mmeambiwa vyema. Huko Uingereza na Scotland ulifanywa utafiti ulioitwa DiRECT, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka Desemba 2017. Wagonjwa wa kisukari cha ukubwani waliwekwa kwenye chakula cha kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, karibu nusu yao, asilimia 46, sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 na zaidi, walikuwa asilimia 86. Habari hizo hupendwa chamani. Kinachosahaulika ni kwamba siku ya kwanza kabisa, kabla mgonjwa hajaanza chakula kipya, madaktari walisimamisha vidonge vyake vya kisukari na vya shinikizo la damu, kisha wakamfuatilia na kuvirudisha ilipobidi. Chakula na dawa vilibadilishwa pamoja.

Kwa hivyo, ikiwa unameza glibenklamidi au dawa za jamii yake, au unajidunga insulini, usipunguze ugali hata nusu kabla hujamwona daktari au muuguzi wa kliniki yako na kumwambia kwa maneno haya: nataka kubadilisha chakula, dawa zangu zibadilishwe vipi? Dawa usizipunguze wewe mwenyewe. Wenye dawa za shinikizo la damu waulize pia, kwa kuwa shinikizo huweza kushuka mtu akipungua, akaanza kuona kizunguzungu. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo wasianze peke yao. Na watu wa nyumbani wajue dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, hasira isiyo na sababu, maneno yasiyoeleweka. Akiwa anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha chakula. Akiwa amezirai usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Wifi alisimamishiwa glibenklamidi wiki ile ile, akabaki na metfomini, na akaonyeshwa jinsi ya kujipima sukari nyumbani. Daktari hakumkemea kwa sababu ya mayai. Alimwuliza tu kwa nini hakumwambia. Ugali ukarudi mezani, kiasi cha ngumi, siku kadhaa kwa wiki, na maharagwe yakasamehewa.

Kufikia Desemba, kilo mbili kati ya zile saba zilikuwa zimerudi. Rinda la harusi lilikuwa limeshonwa kwa vipimo vya Julai, kwa hiyo fundi alilazimika kuachia mshono ubavuni siku mbili kabla ya sherehe. Katika picha wifi amesimama mbele, ameshika mkono wa bintiye. Wanachama walikaa meza ya karibu na jukwaa, na yule mama wa mayai nilimwona kwa macho yangu akiifuata sufuria ya pilau mara ya pili.